Hodi Kabla ya Habari Njema

Nilikuwa Ndhiwa kwenye matanga ya mjomba wangu, mzee aliyefuga ng'ombe vizuri, akasomesha watoto saba, akapenda pombe, na hakukanyaga kanisani tangu harusi ya dada yake. Mhubiri alipopewa kipaza sauti alisoma andiko, akafunga Biblia, akaelekeza kidole kwenye jeneza. Akawauliza waombolezaji kama wanajua mzee huyu yuko wapi saa hii, kisha akajijibu mwenyewe. Mjane alikuwa ameketi hatua tatu kutoka pale, kanga imemfunika mdomo. Binamu yangu, kifungua mimba wa boma lile, aliinuka kwenye kiti cha plastiki, akakirudisha taratibu mahali pake, akaenda kusimama zizini na ng'ombe wa baba yake mpaka mahubiri yakaisha. Miaka kumi na minne imepita na bado haingii kanisani. Siku mwanawe alipobatizwa, alisubiri nje ya lango.

Mimi ni Mkristo. Naamini hukumu kama alivyoamini mhubiri yule, na naamini kwamba habari za Kristo ni za kila mtu. Ndiyo maana tukio lile halijaniacha. Mtu aliyepaswa kumsogeza binamu yangu kwa Mungu ndiye aliyemsukuma hadi zizini, na alifanya hivyo kwa moyo mweupe, akidhani anaokoa roho. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta kujua imani hutangazwaje katika kaunti hizi mbili, Migori na Homa Bay, bila kumdhalilisha anayetangaziwa. Kadiri ninavyorudi nyuma katika historia yetu ndivyo ninavyoona kwamba wazee wetu walilipigania suala hili kabla yetu, na wengine walitengana kwa sababu yake.

Tumtazame kwanza huyo tunayemwita asiyeamini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,131,950 Homa Bay na 1,116,436 Migori. Kwa Kenya nzima, zaidi ya asilimia 85 walijitaja kuwa Wakristo, karibu asilimia 11 Waislamu, na watu 755,750 walisema hawana dini, idadi isiyofika wawili katika kila mia. Kutoka Oyugis hadi Isebania hupiti soko bila kukuta bango la kanisa. Wapo Waadventista na Sabato yao, Wakatoliki, Waanglikana, Legio Maria na kanzu zao za rangi, Nomiya, Roho, na Wapentekoste wa mabati mapya. Mtu asiyeamini katika mazingira haya amesikia, na amesikia mno. Pengine anaitwa Petro au Yakobo, alibatizwa mtoto, akaimba kwaya, kisha akaondoka kwa sababu anayoijua yeye na mchungaji mmoja. Pengine ni Mwislamu wa Kendu Bay au wa Migori mjini ambaye babu yake pia alisali msikitini. Pengine ni mzee anayeshika desturi za ukoo na anayeliheshimu jina la Mungu, Nyasaye, kuliko sisi tunaolitaja kila dakika. Yupo pia kijana aliyesoma, asiyeamini kwamba Mungu yupo, naye mara nyingi hunyamaza kwa kuhofia mama yake atalia.

Ukimwendea mtu wa namna hii kana kwamba hajawahi kusikia, unamdharau kabla hujafungua mdomo. Hapo ndipo ukali mwingi unapozaliwa. Mhubiri anadhani analeta habari, kumbe msikilizaji anasikia lawama ya zamani ikirudiwa kwa sauti kubwa zaidi.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mwezi Novemba 1906, Mkanada Arthur Carscallen alifika Gendia, kilima kilicho juu ya Kendu Bay, pamoja na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Ndio waliofungua misheni ya kwanza ya Waadventista katika sehemu hizi. Carscallen hakujua hata neno moja la Dholuo, lugha ya Wajaluo. Aliketi na watu, akajifunza, akaandika kitabu cha sarufi ya lugha hiyo, na ubatizo wa kwanza ulifanyika mwaka 1911. Ilipita zaidi ya miaka minne ya kuuliza hiki kinaitwaje na kile kinasemwaje kabla mtu yeyote hajaingia majini. Leo mkutano wa injili wa wiki mbili usipotoa waongofu, kamati inauliza pesa za jenereta zilikwenda wapi.

Sitaki kuipamba enzi ile. Misheni zilikuja chini ya bendera ya Waingereza, na mengi ya kwetu yalihukumiwa kabla hayajaeleweka. Watu walijibu. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alisema amemezwa na nyoka wa ziwani aitwaye Mumbo na kutapikwa akiwa na ujumbe: waachane na Wazungu na dini yao. Ujumbe huo ulisambaa hadi Nyanza Kusini na Ugusii, na serikali ya kikoloni ikahangaika nao kwa miaka. Watu hawamkimbilii nyoka wa ziwani kwa sababu tu wanapenda giza, kama tulivyofundishwa katika shule ya Sabato. Walikuwa wameambiwa kwamba kila kitu chao ni takataka, na Mumbo akawaambia si kweli.

Kuna kisa kingine, cha ndugu zetu Waacholi wa Uganda, ambacho Okot p'Bitek alikieleza na ambacho kila mwinjilisti angepaswa kukijua. Wamisionari Waitaliano waliwauliza wazee ni nani aliyewaumba. Waacholi hawakuwa na swali la namna hiyo katika mawazo yao, na neno la kuumba lilifanana na lile la kufinyanga. Wazee walipobanwa sana walikumbuka kwamba yuko anayewafinyanga watu, ndiye pepo anayeupinda mgongo wa mtu mpaka anakuwa kibiongo. Wakalitaja jina lake, Rubanga, na wamisionari wakaliandika kuwa jina la Mungu. Haraka ya kupata jibu iliwafanya watangaze upendo wa Baba kwa jina la pepo anayevunja migongo. Kwetu jina lililoshika ni Nyasaye, ambalo wengi huliunganisha na kusihi na kuomba, na nadhani miaka ile ya Gendia ya kusikiliza ilisaidia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Paul Mboya. Alikuwa mtu wa Karachuonyo, Mwadventista, miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kuwekewa mikono kuwa wachungaji katika kanisa hilo, na baadaye akawa chifu. Mwaka 1938 alitoa kitabu cha Dholuo kuhusu mila na desturi za Wajaluo, na hadi leo wasomi na wazee wa ukoo hukifungua wanapobishana. Huyu ni mchungaji aliyeijua mila kiasi cha kuiandika. Angeweza kuichafua, kwa maana wengi wa rika lake walifanya hivyo. Alichagua kwanza kuieleza sawasawa. Ukitaka kumwambia mtu kwamba una kitu bora kuliko alicho nacho, huna budi kukijua alicho nacho vizuri, umweleze mpaka mwenyewe akubali kwamba umekisema barabara. Ni adabu, na pia ni ukweli, maana anayemsingizia jirani anavunja amri hata akiwa madhabahuni.

Nataka nikae kidogo kwenye mfarakano wa Joremo na Johera, kwa sababu wengi wameusahau. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini, Rwanda, ulifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930. Ulileta toba ya kweli, madeni yalilipwa, mabwana na wake zao wakaombana msamaha mbele ya watu. Katika Nyanza ya Waanglikana wafuasi wake waliitwa Joremo, watu wa damu, yaani damu ya Yesu. Lakini moto huo ulichoma pia. Waliookoka walianza kuwapima wenzao, huyu ameokoka, huyu bado, na dhambi za mtu zikatajwa hadharani kabla hajauliza. Wachungaji waliochoka na kipimo hicho, wakiongozwa na Matthew Ajuoga, walijitenga mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuunda Kanisa la Kristo katika Afrika. Watu wakawaita Johera, watu wa upendo.

Pande zote mbili ziliamini Biblia moja, msalaba mmoja na ufufuo mmoja. Kulikuwa pia na siasa za uongozi ndani yake, sikatai. Lakini majina waliyoyabeba yanaeleza kidonda kilipokuwa: namna ndugu anavyomwambia ndugu yake kwamba amepotea. Kama Wakristo waliosimama kwenye ushirika mmoja walitengana kwa jambo hilo, kuna haki gani ya kumlaumu binamu yangu pale zizini?

Wanaopinga upole wana hoja nzito, na si haki kuipita. Wanasema manabii hawakubisha hodi. Yohana Mbatizaji hakumpigia Herode simu. Bwana aliagiza twende ulimwenguni kote, hakusema tungoje kualikwa. Ni kweli. Ila tuangalie jinsi hao waliotumwa walivyoagizwa kwenda. Katika Injili ya Luka wale sabini waliambiwa waingie nyumbani, waanze kwa salamu ya amani, wakae humo humo, wale walichoandaliwa. Mahubiri yanakuja baada ya sahani. Paulo kule Athene alizunguka kwanza akitazama madhabahu za wenyeji, na alipopewa nafasi Areopago alianzia kwenye madhabahu yao. Petro naye, katika sura ya tatu ya barua yake ya kwanza, anawaandikia watu wanaoteswa kwamba wawe tayari kumjibu kila anayewauliza sababu ya tumaini lao, na wajibu kwa upole. Petro anachukulia kwamba umeulizwa. Maisha yako yamemfanya jirani ashangae, naye amekuja na swali. Nauliza kwa uchungu: ni lini mara ya mwisho mtu alituuliza?

Mwenye kujua mila za huku anaelewa haraka. Katika dala, yaani boma la Mjaluo, mgeni haanzi shida yake langoni. Anapiga hodi, anakaribishwa, anaambiwa bed piny, keti chini, analetewa maji, anaulizwa watu wa kwao wameamkaje. Zamani mazungumzo ya wanaume yalifanyika kwenye duol, kibanda cha mwenye boma, na kijana aliyeingia humo alisikiliza kwanza. Mhubiri mwenye spika iliyoelekezwa madirishani saa kumi alfajiri amevunja adabu hizo zote kwa pamoja, kisha anashangaa kuona mioyo ni migumu.

Nimeona tofauti hiyo kwa macho yangu mezani, huko Karungu. Wainjilisti wawili Waadventista walikaribishwa kwa mama mjane anayeuza samaki. Akawapikia mumi, yule kambare asiye na magamba ambaye Waadventista hawamli, kwa mchuzi mzito wa nyanya. Mmoja alisogeza bakuli mbali na kuanza kueleza Mambo ya Walawi, samaki safi na najisi, huku mama amesimama na mwiko mkononi. Mwenzake, mtu mzima kidogo, alimgusa goti. Akasema, "Mama, ugali wako na hiyo mboga ya osuga ndivyo vimenileta, nisaidie navyo." Akala osuga mpaka akaomba aongezewe. Yule mama akacheka. Walipokuwa wananawa ndipo akauliza mwenyewe, kwa sauti ya chini, "Kwani mumi ana nini, mwanangu?" Akajibiwa kwa sentensi mbili, bila kuambiwa kwamba sufuria yake imechafuka. Imani ya wale wawili ilikuwa moja, na hakuna aliyeonja mumi.

Kwa Waislamu jambo hili ni nyeti zaidi, maana maumivu yake yamevuka mipaka. Pale Kendu Bay, Msikiti wa Tawakal na kilima cha Gendia vinakaribiana, na kwa zaidi ya miaka mia moja watu wa pande zote mbili wamezikana na kuoana. Hussein Onyango Obama, babu wa Rais wa zamani Obama wa Marekani, alikuwa mtu wa sehemu hizo na alisilimu. Ukoo wake una Wakristo na Waislamu hadi leo. Ndugu wa aina hiyo hawezi kuitwa adui kwenye spika siku ya Jumamosi halafu Jumapili mkakae naye kwenye kikao cha mahari. Pwani na Tanganyika tumeona njia nyingine ilivyofika mbali. Godfrey Dale, padri wa misheni ya Kianglikana Zanzibar, alichapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923, yenye maelezo ya kuupinga Uislamu. Waislamu waliipokea kama silaha. Miaka ikapita, zikaja tafsiri za Waislamu wenyewe, nazo zikabeba majibu yao makali. Baadaye ikaja mihadhara, Biblia na Kurani zikishindanishwa viwanjani, umati ukishangilia kila mpinzani anapokosa jibu. Februari 1998 malalamiko kwamba Yesu anakashifiwa katika mihadhara yaliwaingiza polisi kwenye mtaa wa Mwembechai, Dar es Salaam, na watu wakauawa kwa risasi. Sijui mtu aliyepata tumaini katika mambo yale.

Sheria ya Kenya iko wazi, na nitaipita haraka. Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu uhuru wa kuamini na kuidhihirisha imani yake, na inakataza kumshurutisha mtu afanye jambo lililo kinyume na imani yake. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138, inafanya kuwa kosa kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za mtu mwingine. Kelele nazo zina kanuni zake tangu 2009. Mkristo anayehitaji askari ili asimtukane jirani yake tayari amepoteza jambo kubwa kuliko kesi.

Ukimwi ndio umetupima kuliko chochote, na mara nyingi tulishindwa. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wanaishi na virusi, kiwango kilichozidi cha kaunti nyingine zote. Migori ilikuwa na asilimia 13. Hakuna mkusanyiko wa watu hapa, kanisani, sokoni au matangani, usiokuwa na aliyeathirika au yatima. Hata hivyo kwa miaka mingi mimbari zetu zilisema ugonjwa ni mshahara wa uzinzi, wengine wakasema ni chira, laana ya kuvunja mila, na wapo waliowaambia wagonjwa waziache dawa waonyeshe imani. Waliotii tuliwazika. Upande wa pili, dawa za kurefusha maisha zilipoanza kutolewa bure katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001 kupitia Madaktari Wasio na Mipaka, na baadaye katika hospitali za misheni kama Ombo ya Migori na ile ya Waadventista ya Kendu, wapo waumini waliobeba wagonjwa mgongoni, wakawafulia, wakawahesabia vidonge. Hawakuhubiri sana. Nimekutana na zaidi ya mmoja aliyerudi kwa Mungu kwa sababu ya mtu aliyemfulia shuka.

Huduma nayo inaweza kugeuzwa chambo. Unga unagawiwa baada ya maombi kwa walioinua mkono. Ada ya shule inalipwa kwa mtoto atakayehamia kanisa letu. Mwaka 2011 Baraza la Makanisa Ulimwenguni, ofisi ya Vatikani ya mazungumzo ya dini, na Muungano wa Kiinjili wa Ulimwengu walitoa hati ya pamoja kuhusu mwenendo wa kushuhudia katika dunia ya dini nyingi, na humo walikataa kabisa kuutumia umaskini wa mtu kumvutia. Wavuvi wa omena kule Mbita hushusha taa juu ya maji usiku na kungoja. Omena wanaifuata nuru, kisha wavu unawazunguka. Wahubiri wengi wanaupenda mfano huo. Mimi unanitia hofu. Samaki hukaushwa na kuuzwa, na jirani yangu si samaki.

Upole una mpaka pia, na mpaka huo nauona Kuria, upande wa Migori. Sheria mahususi ya kukataza kukeketa wasichana ipo tangu 2011, lakini msimu unapofika Desemba, mabinti wa Kehancha na Isebania hukimbilia makanisani na kwenye nyumba za uokoaji. Mchungaji anayenyamaza hapo ili asiwaudhi wazee wa inchama, lile baraza lao la siri, ameuza mtoto ili anunue amani. Aseme, na aseme wazi. Lakini hata hapo nimeona wanaofanikiwa. Ni wale wanaowajua wazee kwa majina, wanaokwenda kwao mwezi wa tano, msimu ukiwa mbali, wanaokubali kwamba kumtoa mtoto utotoni kwa sherehe ni jambo jema na kinachokataliwa ni kisu. Anayefika na gari la polisi tu huokoa binti mmoja leo, na mwaka ujao sherehe inafanyika ng'ambo ya mpaka, Tanzania.

Sasa watu wana hofu mpya. Baada ya maiti zaidi ya mia nne za wafuasi wa mhubiri mmoja kufukuliwa katika msitu wa Shakahola kuanzia 2023, na baada ya polisi kuwaondoa watu kadhaa katika kanisa moja la Opapo, karibu na Rongo, mwezi Aprili 2025, mzazi akimwona mtu mgeni na Biblia akizungumza na mwanawe anasogea karibu asikilize. Ni haki yake. Anayeshuhudia leo anapaswa kusema mbele ya mama mwenye nyumba kila atakachomwambia mtoto, na akubali neno "hapana" bila kurudi kesho yake na mzee wa kanisa.

Binamu yangu ana jirani, mama mmoja wa Sabato anayechuuza omena kutoka Sindo. Tangu matanga yale, kila mwaka siku ya kifo cha mzee, huja na kikombe kimoja cha omena na majani ya chai, huketi na mjane, wanazungumza habari za mvua na bei ya mahindi, kisha huenda kaburini peke yake kwa dakika chache na kuaga. Hajawahi kumtajia binamu yangu kanisa. Mwaka jana binamu alimfuata mpaka kwenye lango la ua.

"Mama," akamwambia, "kila mwaka unasimama pale kwa baba. Unamwambia Mungu nini?"

"Namshukuru kwa ajili yake," akajibu. "Aliwahi kunipa ng'ombe wa maziwa watoto wangu walipokuwa na njaa. Hukujua?"

Hakujua. Alinipigia simu jioni hiyo kunisimulia kisa cha ng'ombe, akakisimulia mara mbili. Kisha akasema amemwomba yule mama apite tena Jumapili, amweleze vizuri mzee alikuwa mtu wa namna gani, na huyo Mungu anayemshukuru humjibu nini.